Saa ya Kiungwana kwa Bei ya Kadiri (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu saa ya betri na saa ya kujaza kwa mkono. Leo ni zamu ya saa inayojijaza yenyewe, hasa ile ya kuvalia suti au kanzu: saa yenye uso mtulivu na sura ya miaka ya 1950, ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuiwekea akiba kwa miezi michache akaipata. Saa ya namna hii naiita saa ya kiungwana. Ndiyo inayowachanganya wanunuzi kuliko zote, kwa kuwa muuzaji humtajia mteja jina la kampuni, idadi ya vito na kina cha maji, kisha huishia hapo. Yanayosaidia kuchagua ni mengine kabisa: namna saa inavyokaa mkononi, mashine iliyomo ndani, na fundi atakayeifungua siku itakapochoka. Jina la kampuni mimi hulitazama mwisho.

Umbo kwanza. Saa za mkononi za wanaume zilienea baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na sura tunayoiona leo kuwa ya kiungwana ilitulia katika miaka ya 1930. Mwaka 1932 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, ambayo mwaka huohuo ilinunuliwa na ndugu wawili wa ukoo wa Stern, ilitoa saa yenye namba 96, iliyokuja kujulikana kwa jina la Calatrava. Kipenyo chake kilikuwa takriban milimita 31. Usoni hapakuwa na mengi: vijiti vya kuonyesha saa, mishale iliyochongoka, na duara dogo la sekunde upande wa chini. Saa hiyo haikuwa ya mtu wa kipato cha kawaida wakati ule, na leo ndiyo kabisa. Lakini sura yake iliigwa na viwanda vya Uswisi, na baadaye vya Japani, kwa miongo kadhaa, kiasi kwamba saa nyingi za wanaume za miaka ya 1950 zilikuwa na kipenyo cha kati ya milimita 33 na 36 na uso wa aina ileile. Kisha saa zikaanza kunenepa. Kufikia mwanzo wa karne hii, milimita 42 au 44 ilikuwa kitu cha kawaida madukani, na macho yetu yakazoea.

Kwa hiyo anayetaka sura ya zamani aanze na rula. Kipenyo ni kimoja tu kati ya vipimo vitatu. Cha pili, ambacho watu wengi hawakijui, ni urefu kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini. Masikio ni vile vichomozo vinne vinavyoshika mkanda. Weka rula juu ya kifundo cha mkono wako, pale saa inapokaa, upime sehemu iliyo bapa. Urefu wa masikio ukizidi sehemu hiyo, saa itaning'inia pembeni hata kama kipenyo chake ni kidogo. Kwa mikono mingi, milimita 44 hadi 47 hukaa vizuri. Kipimo cha tatu ni unene. Saa ya kiungwana inapaswa kuteleza chini ya mkono wa shati uliofungwa kifungo. Saa ya kujijaza haiwezi kuwa nyembamba kama ya kujaza kwa mkono, kwa sababu ina tabaka moja zaidi la chuma ndani, lakini ikipita milimita 13 naona imeshatoka katika jamii hii.

Baada ya vipimo, kitu cha kwanza ninachokitazama ni urefu wa mshale wa dakika. Mshale huo unatakiwa uguse, au ukaribie kugusa, mstari wa dakika pembezoni mwa uso. Ukiishia njiani, mara nyingi ni dalili kwamba mtengenezaji amechukua mishale ya saa ndogo akaipachika kwenye uso mpana ili kupunguza gharama. Mtu asiye na uzoefu hawezi kusema kasoro iko wapi, ila atahisi kwamba saa imepwaya. Kisha natazama alama za saa. Vijiti vya chuma vilivyobandikwa hushika mwanga na kumsaidia mwenye saa kuisoma jioni. Lakini alama zilizochapwa kwa usafi zinapendeza kuliko zilizobandikwa upogo. Kioo na uso vina habari yao pia. Saa za zamani zilikuwa na uso uliopinda kidogo kuelekea pembeni, na juu yake kioo cha plastiki kilichovimba. Kioo kile kilichubuka upesi, na wazee walikisugua kwa dawa ya meno kikarudi kung'aa. Viwanda vya leo vinaiga uvimbe ule kwa kioo cha kawaida kilichoimarishwa au, kwa bei ya juu zaidi, kwa yakuti ya kutengenezwa kiwandani, ambayo ni vigumu sana kuichuna.

Ziko saa ambazo uso wake umetobolewa ili gurudumu linalochezacheza ndani lionekane. Namwomba msomaji aziache. Tundu lile huvunja utulivu wa uso, huifanya mishale isisomeke upesi, na katika saa za bei ya chini huwekwa ili kumvutia mteja asitazame mambo mengine. Anayependa kuona mashine achague saa yenye kioo upande wa nyuma.

Sasa tuingie ndani. Nguvu yote ya saa hii hutoka kwenye kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo lenye meno. Kamani ikijikunjua husukuma msururu wa magurudumu. Mwisho wa msururu huo lipo gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa kani ya unywele wa chuma uliozungushwa mara nyingi, na kila linapogeuka huruhusu jino moja tu lipite. Mlio tunaousikia ndio huo. Katika mashine nyingi za Kijapani za bei nafuu mlio huo hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, mara 518,400 usiku na mchana. Ndiyo maana mshale wa sekunde wa saa hizi huonekana kama unateleza, ilhali wa saa ya betri huruka hatua moja moja.

Tabaka la ziada nililolitaja ni pande la chuma la nusu duara linalozunguka kwa uzito wake kila mkono unapotikisika, na kuzunguka kwake huikunja kamani. Wazo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1770 Abraham-Louis Perrelet, fundi wa mji wa Le Locle nchini Uswisi, alikwisha tengeneza saa ya mfukoni iliyojijaza kwa mwendo wa mwenye kuivaa. Lakini saa ikikaa mfukoni haitikisiki vya kutosha, na wazo lilipata mahali pake hasa saa ilipohamia mkononi. Mwingereza John Harwood aliipatia hataza saa ya mkononi ya namna hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1931 Rolex ikaja na pande linalozunguka duara zima bila kugonga ukuta. Kilichoifikisha saa hii kwa watu wa kawaida, hata hivyo, ni kazi ya Wajapani. Mwaka 1959 Seiko ilibuni kiwiko kidogo chenye kucha mbili ambacho hukusanya nguvu pande linapozunguka upande wowote, kwa vipande vichache na rahisi kutengeneza. Ubuni huo bado unatumika, na ni miongoni mwa sababu za Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963, kuweza kuuzwa kwa bei iliyowafikia watu wengi duniani.

Watu huogopa kwamba saa ya namna hii ikivaliwa sana kamani itakatika. Haikatiki kwa sababu hiyo, kwa kuwa ncha yake ya nje huteleza kwenye ukuta wa kopo inapojaa. Tatizo la kweli ni kinyume chake. Saa nyingi za bei hii huhifadhi nguvu ya saa 40 hivi. Ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ukaiweka kabatini, Jumapili asubuhi karibu na saa nne itakuwa imesimama. Saa ya kiungwana, ambayo wengi huivaa siku moja au mbili kwa juma, itakutwa imesimama mara nyingi. Hivyo uwezo wa kuijaza kwa mkono, kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, si jambo dogo.

Usahihi nao ueleweke mapema. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayokosea sekunde 20 kwa siku imekosea chini ya sehemu moja kwa elfu nne, na kwa magurudumu na kamani hilo ni jambo la kustaajabisha. Lakini ndani ya wiki mbili itakuwa imetoka kwa zaidi ya dakika nne. Saa ya betri ya kawaida hukosea sekunde 15 hivi kwa mwezi mzima. Anayehitaji usahihi kuliko kitu kingine arudi kwenye sehemu ya kwanza ya makala haya.

Kwa mizani hiyo, saa ninayoiona inafaa kuwa kipimo cha nyingine zote katika bei ya kadiri ni Orient Bambino. Mizizi ya Orient inarudi hadi duka la saa alilolifungua Shogoro Yoshida mtaani Ueno, Tokyo, mwaka 1901. Kampuni ilichukua jina la Orient mwaka 1951, na tangu 2009 iko yote mikononi mwa Seiko Epson. Inatengeneza mashine zake yenyewe, na hilo ni nadra kwa saa ambayo kwa kawaida huuzwa kati ya dola 150 na 300 za Marekani kabla ya gharama za kuisafirisha na ushuru. Bambino ina uso uliopinda, kioo kilichovimba, mishale yenye urefu unaostahili, na dirisha dogo la tarehe upande wa kulia. Wapo wanaotaka namba za Kirumi na wapo wanaotaka vijiti vitupu, zote zimetengenezwa.

Yapo mambo ya kuangalia. Bambino ya kawaida ina kipenyo cha milimita 40.5, na kwa mkono mwembamba inaonekana pana, hasa kwa kuwa uso wake unafika karibu na ukingo. Miaka ya karibuni lilitoka toleo la milimita 38.4, na kwa maoni yangu hilo ndilo lenye vipimo vya haki kwa sura hii, ingawa unene wake unafika karibu milimita 12.5, na sehemu kubwa ya unene huo ni uvimbe wa kioo. Toleo dogo lina faida nyingine isiyotajwa dukani: nafasi ya mkanda ni milimita 20, kipimo kinachopatikana kila mahali, wakati matoleo mengi ya zamani yana milimita 21, na kutafuta mkanda wa milimita 21 katika miji yetu ni kazi. Halafu kuna suala la mashine. Bambino za mwanzo hazikuweza kujazwa kwa mkono, wala mshale wa sekunde haukusimama wakati wa kurekebisha majira. Za baadaye zinaweza yote mawili. Namna ya kuzitofautisha ukiwa dukani ni kuvuta kitufe cha pembeni hadi mwisho. Sekunde ikisimama, una mashine mpya. Ikiendelea kutembea, ni ya zamani, na bei ipunguzwe.

Kwenye daraja la juu kidogo ipo Seiko Presage ya mfululizo wa Cocktail Time. Mashine yake ya 4R35 ina nguvu ya saa 41 na inastahimili kufanyiwa kazi na fundi yeyote makini. Uso wake una miale iliyochorwa kutoka katikati, na mwanga ukiugonga hubadilika rangi. Ni uzuri wa jioni, wa harusini. Kwa kazi ya kila siku mimi ningependa kitu kilichotulia zaidi. Timex ya Marekani nayo iliirudisha saa yake ya zamani, Marlin. Ile ya kujaza kwa mkono ni ya milimita 34 na imebaki karibu sana na asili; ile ya kujijaza imepanuliwa hadi milimita 40 na ndani yake imewekwa mashine ya Miyota, kampuni ya jamii ya Citizen. Tissot Le Locle, ya milimita 39.3, ina kioo cha yakuti na mashine inayohifadhi nguvu ya saa 80, hivyo ukiivua Ijumaa jioni utaikuta Jumatatu asubuhi ikitembea. Bei yake ni mara mbili au zaidi ya Bambino.

Hapa ndipo fundi anapoingia. Mashine ya kujijaza inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Mitano hadi saba ni kadirio la busara. Kwa mashine za kawaida za Seiko na za Miyota, fundi wa Kariakoo au wa River Road ameziona nyingi, vipuri vyake vinapatikana, na hata ikishindikana kabisa, mashine nzima mpya inaweza kuagizwa na kubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko kununua saa nyingine. Mashine ya Tissot ya saa 80 ni nzuri, lakini baadhi ya matoleo yake yana sehemu za plastiki maalumu na yamerekebishwa kiwandani kwa namna isiyomwachia fundi wa mtaani nafasi ya kuongeza au kupunguza mwendo. Kwa mtu aliyeko Zurich hilo halina uzito. Kwa aliyeko Mwanza au Kisumu, lina uzito mkubwa, na ndiyo sababu naliweka jina la kampuni mwisho. Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi unayemwamini, mtajie namba ya mashine, umuulize kama ameshawahi kuifungua. Jibu lake lina thamani kuliko kijitabu cha dhamana kutoka nchi ambayo huendi.

Kuhusu idadi ya vito, nitasema machache. Vito hivyo ni rubi za kutengenezwa, huwekwa pale vyuma vinaposuguana ili visilane, na saa ya kujijaza inatosheka na ishirini na kitu. Bambino ina 22, 4R35 ina 23. Katika miaka ya 1960 baadhi ya viwanda viliongeza vito visivyo na kazi ili tu namba usoni iwe kubwa. Msomaji asilipie namba hiyo.

Wengine wataniambia: kama tunataka sura ya zamani, kwa nini tusinunue saa ya zamani yenyewe? Hoja hiyo ina nguvu, na kwa anayepata saa ya baba au babu yake, jibu ni kuipeleka kwa fundi na kuivaa. Sokoni hali ni nyingine. Saa nyingi kuukuu za bei ya chini zinazotoka India zimepakwa uso upya. Mashine huwa ya kweli, labda ya HMT, kiwanda cha serikali ya India kilichoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen, au ya jina la Uswisi; lakini uso una rangi ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa, maandishi yamechapwa kwa wino mzito usio sawa, na kitufe cha pembeni hakilingani na saa. Uso uking'aa kama wa jana juu ya saa ya miaka ya 1960, jihadhari. Kwa Seiko kuna msaada wa ziada nyuma ya kifuniko: tarakimu ya kwanza ya namba ya saa ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa, na inayofuata ni mwezi. Namba inayoanza na 74 ni ya Aprili, mwaka unaoishia na saba. Muuzaji akisema ni ya 1975, hesabu haikubali.

Wakazi wa pwani wana mambo yao ya kuzingatia. Maandishi ya mita 30 nyuma ya saa hayana maana ya kuzama mita 30; maana yake ni kwamba matone ya mvua na ya kunawa hayatadhuru. Baharini saa hii isiende. Mkanda wa ngozi ukilowa kila siku kwa jasho na kwa maji ya udhu huoza upesi, hivyo anayetawadha avue saa kwanza, na kila mmoja awe na mkanda wa pili wa nguo kwa miezi ya joto. Saa iliyochovywa maji ya dhahabu hutoboka rangi kwenye masikio baada ya miaka michache ya jasho la chumvi, na mwanamume Mwislamu anayejiepusha na dhahabu atakuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo. Chuma kisichoshika kutu kinamaliza mambo yote mawili, na uso wa rangi ya maziwa juu ya chuma cheupe unapendeza kwenye kanzu kuliko dhahabu yoyote ninayoijua.

Saa ikisimama, ijaze kwa mizunguko ishirini au thelathini ya kitufe, kisha shughulikia tarehe, na hapa ndipo saa nyingi huharibiwa. Usibadilishe tarehe kwa njia ya haraka mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu muda huo meno ya tarehe yameshaanza kushikana, na kulazimisha huyavunja. Saa iliyosimama haisemi kama ni usiku au mchana. Zungusha mishale mbele hadi uone tarehe inaruka. Hapo ni saa sita ya usiku. Endelea mbele hadi asubuhi ipite, ndipo uweke tarehe ya jana, kisha uzungushe mishale hadi leo. Na saa iliyokuwa ikienda vizuri ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, usikubali ifunguliwe upesi. Huenda imeshika sumaku kutoka kwenye spika, kifuniko cha simu au kibano cha mkoba, na fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache.

Sehemu ijayo itahusu mafundi wenyewe: kinachofanyika saa inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa, mafuta yanayotumika na pale yanapotiwa, na namna ya kujua kwamba saa uliyoilipia kuoshwa imeoshwa kweli.